Sidii ya Kumi na Nne

Boksi lilikuwa na sidii za muziki kumi na tatu badala ya kumi na nne, na Mathenge alikuwa ameshaapa mbele ya watu kwamba limetimia.

Kosa lilikuwa la mikono yake. Mathenge ana bucha mjini Nyeri, na kwa miaka ishirini na mitano mikono hiyo imemwambia kilo bila mizani. Basi kwenye mnada wa vitu vya mkulima mmoja mzungu aliyehama, alilinyanyua lile boksi la opera ya Kitaliano, akalipima kama paja la mbuzi, akasema, "Hili limejaa." Akalipa bila kufungua. Kumbe uzito ulikuwa wa kijitabu cha maneno, kinene kama kitabu cha nyimbo za kanisa. Mfuko wa mwisho, wa sidii ya pale mwanamke wa opera anapokufa, ulikuwa mtupu.

Abdulatif alinusa uongo. Yeye ni fundi wa redio, na katika mji mzima, wenye ugonjwa wa kukusanya maboksi haya ni yeye na Mathenge tu.

"Bwana Mathenge, Ijumaa nikitoka msikitini nakuja kuhesabu," alisema. "Zikitimia kumi na nne, chagua boksi lolote kwangu. Zikipungua, nachukua lile lako jeusi la piano."

"Kuja na miwani, Sheikh."

"Mbona watoka jasho?"

"Hii ni mafuta ya kondoo."

Lile jeusi lilikuwa na sidii ishirini, na Mathenge alikuwa amelitafuta miaka sita. Afadhali ang'olewe meno.

Jumatano asubuhi alimpigia simu dalali wa ule mnada. Dalali akakumbuka: sidii zilizokuwa zimezagaa nje ya maboksi zilitiwa kwenye karai, zikauzwa kwa Mama Watiri wa kule karibu na Kutus, mwenye shamba la mpunga. Mathenge hakuuliza mkulima wa mpunga anataka opera ya nini. Alijua. Akafunga bucha, akaondoka.

Alizikuta, karibu mia moja, zikining'inia kwa kamba juu ya mpunga, zikizunguka na kumetameta. Ndege walikuwa wamejipanga kwenye waya wa stima, wakizitazama kwa chuki. Mathenge alijitambulisha kuwa mwenye bucha, na hilo likawa kosa la pili.

"Mama, niko na shida ya sidii moja tu."

"Gani?"

"Sijui iko wapi. Lazima nisome zote."

Watiri alicheka hadi akashika kiuno. "Ati usome? Mzee, mpunga imeanza kutia maziwa kwa punje. Ukitoa hizo, ndege watanimaliza."

"Nitazirudisha."

"Basi ukishusha laini moja ya kamba, wewe ndio sidii. Simama hapo katikati upige kelele. Na ukirudi kwako nyama ifike hapa, wewe mtu wa bucha."

Mathenge alivua viatu akaingia kwenye tope. Kila sidii ilitaka kufunguliwa, kupanguswa mavi ya ndege, kusomwa, kufungwa tena. Akiinama kusoma, ndege wanashuka. Akipiga kelele, wanarudi kwenye waya na kumsubiri. Adhuhuri sauti ilipoanza kukwaruza, akajaribu kuimba nyimbo za mwanamke wa opera, zile za sauti ya juu kabisa. Ndege wote wakaondoka.

"Hiyo ya kulia kama mtu amechomwa na uji!" Watiri akaita kutoka kwenye tuta. "Rudia hiyo! Wanaiogopa!"

Akairudia hadi jioni. Alilala kwa kaka yake Watiri, akaimba tena Alhamisi, na sidii ya kumi na nne akaipata kwenye laini ya mwisho kabisa.

Ijumaa Abdulatif alihesabu mara mbili.

"Kumi na nne," akasema polepole. Akainua ile ya mwisho puani. "Mbona hii yanuka ndege?"

"Ni kuukuu," Mathenge akanong'ona, maana sauti haikuwepo tena.

"Iweke tuisikie."

Ikalia bila kukwama hata mara moja. Mwanamke alidungwa kisu, halafu akaimba dakika kumi na tisa. Mathenge, ambaye hajawahi kuona mbuzi akikawia kufa hivyo, alitikisa kichwa. Abdulatif akafuta machozi, akaenda kuleta boksi alilolichagua Mathenge, la sidii nane.

Sidii hizo nane zilimgharimu Mathenge siku mbili za bucha kufungwa, mguu mzima wa mbuzi na kilo mbili za maini zilizoenda kwa Watiri, sauti yake hadi Jumanne, na wateja saba waliohamia kwa Gatimu, mwenye bucha ya ng'ambo ya barabara. Wanne wamerudi.