Barabara ya Kwa Muthama Yapata Gari Lake

Saa nne asubuhi, siku ya Jumanne, Kiarie alikuwa amelala chali juu ya katoni pale Ngara, chini ya Land Rover ya Bwana Haron Kihara, akihesabu viungo vya usukani vilivyocheza kama meno ya mtoto wa darasa la kwanza. Gari lilikuwa limeinuliwa inchi sita. Bwana Haron, mkandarasi na mkaazi wa Kileleshwa, aliliinua ili aweze kupita kwenye barabara alizozijenga mwenyewe.

"Kijana, inanivuta kushoto," Bwana Haron alisema kutoka juu. "Inavuta kama bibi amekasirika anataka kwenda kwao."

"Ulirefusha miguu ukasahau mikono, bosi. Hii fimbo ya usukani ni ya gari fupi. Ukiingia kwa shimo, shimo ndiyo inakata kona, si wewe."

"Basi badilisha zote. Alhamisi niko na mgeni."

Kiarie alimjua mgeni huyo kabla hajatajwa. Aliishi na mkewe Njambi katika mtaa wa Kwa Muthama, kupita Kawangware, na huko ndiko Bwana Haron alikokamilisha barabara ya lami miaka mitatu iliyopita bila kumwaga lami. Kulikuwa na bango lenye picha ya barabara. Chini ya bango kulikuwa na matope. Mtoto wao wa kwanza, Dan, alizaliwa mtaroni, mkabala na kanisa, kwa sababu teksi ilikataa kushuka. Sasa Njambi alikuwa na mimba ya miezi minane. Wakaazi waliandika barua mpaka wakachoka kununua karatasi, na hatimaye mkaguzi angekuja, Alhamisi hiyo. Asipoona lami, Bwana Haron angelazimishwa kurudi kuimwaga.

Mtu mwingine angefanya kazi ya ovyo. Kiarie hakujua kazi ya ovyo hufanywa vipi. Alivuka hadi kwenye duka la spea la Mzee Mohdhar, akachagua mkono wa usukani uliopinda kuelekea chini, tairodi ya kuunganisha magurudumu, nene kama kifundo cha mguu, vichwa vyake vipya, na shokabsoba ya usukani ambayo bado ilikuwa imevaa mafuta ya kiwandani.

"Vyote hivi kwa gari la Haron?" Mzee Mohdhar aliuliza. "Yule aliyewajengea barabara ya picha?"

"Gari halina makosa, mzee."

"Wallahi wewe utazikwa na spana mkononi."

Kiarie hakuamini mashine za kunyoosha magurudumu. Alitumia uzi, kama alivyojifundisha: ukitoka gurudumu la nyuma hadi la mbele, pande zote mbili, ukivutwa mpaka ulie ukiguswa. Alirudia mara kumi na moja. Alipomaliza, usukani ule ulikuwa umenyooka kuliko kitu kingine chochote Nairobi.

Jumatano mchana Kiarie na Bwana Haron walilijaribu gari. Kutoka Ngara hadi Kileleshwa lilikwenda kama gari. Walipofika Kwa Muthama, Land Rover iliacha nyayo za matairi kwenye matope, ikapanda juu kiasi cha shubiri moja, na kuanza kutembea hewani, juu ya barabara iliyochorwa kwenye bango. Matairi yalivuma juu ya lami isiyoonekana. Gari lilipita katikati ya banda la kuku la Mama Nyakio. Kuku wakasogea kidogo, kama kuku wanavyosogea gari likipita. Kisha likaruka tuta, na jingine, na mengine mawili.

"Matuta manne," Bwana Haron alisema. "Ndivyo yalivyo kwenye mchoro."

"Na usukani, bosi?"

"Siagi."

Wakaazi hawakushangaa. Kwa miaka mitatu walikuwa wameambiwa barabara yao imekwisha. Walichokuwa hawajui ni imekwisha upande gani. Mwenye pikapu ya mkaa alijaribu kufuata nyuma, akazama hadi kwenye milango, akazima injini na kuomba kiberiti.

Jioni, Njambi aliweka ugali mezani, akakaa pole pole.

"Baba Dan, rudisha ile fimbo ya zamani."

"Ile imekwisha."

"Sijakwambia uue mtu. Wavutwe tu kushoto, wazame, huyo mkaguzi aone."

"Mama Dan, mimi nikifunga kitu nimefunga. Nitaenda nao. Nitamwambia mwenyewe. Niko na mdomo."

"Mdomo," Njambi alisema, akamsogezea mboga.

Alhamisi Kiarie alikaa kiti cha nyuma, akiwa ameshika kisanduku chake cha spana. Mkaguzi, Bi Debra, alitoka ofisini kwake Katikati ya Jiji akiwa na faili na viatu vya visigino. Gari lilipanda juu ya mchoro. Bi Debra akaandika: laini. Akaruka na matuta, akaandika: manne.

"Madam," Kiarie alisema, "hebu shuka utembee."

Bwana Haron alisimamisha gari. Bi Debra alifungua mlango, akatoa mguu mmoja, na mguu ukaingia kwenye matope hadi kwenye kifundo. Aliutazama. Aliurudisha ndani bila kiatu.

"Umeona, madam? Hakuna lami."

"Nimeona kando ya barabara kuna matope," Bi Debra alisema. "Mimi nimetumwa kukagua barabara. Kando ya barabara ni idara nyingine." Akaandika hilo pia, kwa mwandiko mzuri, na kupiga muhuri juu ya goti.

Wiki iliyofuata utepe wa kufungua barabara ulikatwa kupitia dirisha la gari. Pale Ngara ikafika foleni ya Land Rover na magari mengine marefu, kila moja na mkandarasi wake, kila mkandarasi na barabara yake ya picha. Wote walitaka uzi wa Kiarie. Mmoja aliuliza kwa unyenyekevu kama kuna usukani wa zahanati.

Uchungu wa Njambi ulianza Jumamosi saa tatu asubuhi, baada ya mvua. Teksi ilisimama juu kwenye barabara kuu na dereva akapiga simu kusema hashuki. Kiarie na jirani mmoja walimlaza Njambi kwenye mkokoteni wa maji, juu ya godoro, wakaanza kusukuma. Walikuwa mkabala na kanisa matope yalipofika kwenye ekseli.

Land Rover ilikuja nyuma yao, safi, shubiri moja juu, ikiwa imejaa wakandarasi waliokuja kuonyeshwa barabara. Bwana Haron aliteremsha kioo.

"Bosi, tubebee mama hadi hospitali."

"Ningewabeba, kijana, lakini hakuna nafasi hata ya paka." Alitazama mkokoteni, godoro, na Njambi aliyekuwa ameuma kona ya leso, akatikisa kichwa kwa huruma ya kweli. "Lakini mbona mnajitesa kwa matope? Barabara si hii hapa? Pandeni barabarani!"

Akapandisha kioo. Kiarie alisimama akiyasikiliza magurudumu yakienda. Hayakuvuta kushoto, hayakuvuta kulia. Hakuna kiungo kilichocheza.

"Sukuma, fundi," Njambi alisema.