Siku Pascoe Aliposhushwa Nyambizini

Haya nimeyapata kwa Dougal Baird, jirani yangu hapa Dunoon, aliyekuwa mpishi wa nyambizi. Alinisimulia katika majira ya baridi aliyomzika mkewe, tukimenya viazi vya wageni wa matanga.

Torquil Geddes aliingia nyambizini ndevu hazijamwota, akapanda cheo hadi akawa mwalimu wa manahodha. Moyoni alifuga kinyongo na mtu mmoja tu: Rupert Pascoe. Zamani, Pascoe akiwa zamu na Innes, mdogo wake Torquil, alisinzia, nyambizi ikagonga mwamba. Alipoulizwa, akaapa kuwa aliyesinzia ni Innes. Innes akafukuzwa, pombe ikammaliza.

Sasa Pascoe kaja kufanya mtihani wa unahodha, na mwalimu ni Torquil huyo huyo. Mtihani wenyewe hauna marudio. Manowari zinakujia mbio huku wewe unachungulia kwa darubini. Ukichelewa kuzama, mwalimu anatoa amri badala yako, na hapo umekwisha. Unapewa chupa ya wiski, unashushwa kwenye boti, nyambizi hukanyagi tena maisha yako yote.

"Vipi Pascoe, usingizi haujakushika?" Torquil akamchokoza mbele ya watu.

"Niko macho, afande."

"Tangu lini?"

Mabaharia wakacheka. Pascoe akarudi kwenye darubini. Lakini lo, alikuwa hodari! Torquil alimvizia kama paka kwenye tundu la panya, wala Pascoe hakukosea hata mara moja.

Siku ya mwisho manowari ikatokea. Pascoe akachungulia, akapiga hesabu kimoyomoyo. Muda ulikuwa tele.

"Zama!" akanguruma Torquil.

 Dougal, aliyekuwa ameleta chai, akabaki na sinia mkononi.

"Afande, bado iko mbali," Pascoe akasema. "Wote hawa wanajua."

"Na Innes alikuwa macho. Wewe ulijua."

Pascoe akaiachia darubini. Akapokea chupa yake, akashuka kwenye boti.

Dougal akamnong'oneza Torquil, "Mzee, wakubwa watatuhoji. Mimi uongo siuwezi."

"Nani kakwambia useme uongo? Sema ulichokiona."

"Watakuvua cheo, ohoo!"

"Wavue. Kazi hii niliikalia kwa ajili ya leo."

Akanywa chai yote, akaomba mkate wa siagi, akala akabakiza makombo. Kisha akajitupa kitandani na buti zake. Boti haijagusa nchi kavu, mwenzenu Torquil alikuwa anakoroma.