Viatu vya Kwendea Mahajanga

Mikidache alikuwa fundi viatu wa mtaa wa Mangarivotra, Mahajanga, kwa miaka ishirini. Desemba ya 1976, Wakomoro wenzake walipouawa mjini humo, alikatwa panga mikononi alipokuwa akikinga uso. Majeraha yalipona, lakini vidole havikukunjika tena. Siku hiyo mwanawe Abdou, kijana wa miaka kumi na tisa, alikuwa ametoka kumpelekea mteja viatu. Hakurudi.

Wengi waliosalia walisafirishwa kwenda Komoro. Mikidache na mkewe Zalia walikataa kumwacha mtoto nyuma. Walikimbilia Ambanoro, kisiwani Nosy Be, kwa Maoulida, kaka yake Zalia, wakangoja habari. Miaka miwili ikapita bila habari.

Zalia ndiye aliyeamua kwenda kumtafuta. Viatu vyake vilikuwa vimekwisha na madukani havikupatikana, naye alisema hatarudi Mahajanga peku kama mwombaji. Akamwomba mumewe amfundishe.

Mikidache alifundisha kwa mdomo tu. Alimwambia akate soli kwenye tairi kuukuu, alowanishe ngozi ya ng'ombe hadi ilainike, atoboe kwa msharasi kabla ya kupitisha uzi uliopakwa nta. Zalia alijichoma, akapinda mishono. Mara nyingine mume alinyoosha mkono amnyang'anye kazi, msharasi ukamponyoka, naye akatoka nje asirudi mpaka adhuhuri. Jozi ya kwanza ilimbana Zalia. Ya pili ilienda upande. Ya tatu Mikidache aliipapasa mshono kwa kiganja, akasema itafika.

Mahajanga, Zalia alikuta karakana yao imekuwa duka la mchele. Alizunguka siku tatu akiuliza, na watu wakimjibu kwa Kimalagasi kwamba hawajui. Mwishowe Fatouma, jirani aliyewaficha siku ile, alimshika mkono akampeleka kwenye uwanja uliomea majani nje ya mji. Akamwambia wengi walizikwa hapo, kwa pamoja, na hakuna aliyeandika majina. Zalia alisoma Fatiha bila kujua kama ni ya mwanawe.

Aliporudi Ambanoro, Mikidache alikuwa amekaa mlangoni.

"Umemwona?"

"Sikumwona, Baba Abdou. Wala kaburi lake sikuonyeshwa."

Mikidache hakuuliza tena, siku hiyo wala nyingine. Aliacha kwenda msikitini, akawa anashinda amelala ameuelekea ukuta. Zalia alidhani kazi ingemwinua. Akalowanisha kipande cha ngozi kilichobaki, akamwambia sasa anataka kujifunza viatu vya kiume.

"Vya nani?" Mikidache aliuliza.

Zalia aliiacha ngozi kwenye ndoo. Siku ya nne ngozi ilianza kunuka. Maoulida akaitoa kwenye ndoo, akaenda kuitupa.