Kuchubwia

Mvua ilikuwa imenyesha Minto, pembezoni mwa jiji la Sydney, wiki nzima, na kijito cha nyuma ya nyumba kikafurika hadi kwenye njia ya kwenda shule. Lydie akamshika mkono binti yake, Bénie, wakaingia. Maji yaliwafika vifundoni.

"Mama, tunachubwia!" mtoto akacheka.

Lydie akasimama palepale. Bénie alizaliwa Sydney. Kiswahili alikielewa, lakini kujibu alijibu kwa Kiingereza. Na neno hilo halikuwa Kiswahili cha mtu yeyote. Lilitungwa na mtoto wa miaka mitatu, Précieux, kaka ambaye Bénie hakuwahi kuambiwa habari zake. Walipokimbia vita kule Kivu walivuka mto kwa miguu, Précieux akiwa mabegani mwa baba yake, Déo. Aliisikia miguu ya watu ikilia chubwi, chubwi majini, akapiga kelele za furaha: "Papa anachubwia!" Katikati ya mto Déo akateleza. Mtoto hakuonekana tena.

Jioni Déo aliporudi kutoka kazini, Lydie hakungoja hata aweke begi chini.

"Papa Bénie, ulimwambia mtoto habari za Précieux?"

Déo akashika ukuta. Tangu wafike Australia, jina hilo halikuwahi kutajwa humo ndani.

"Mimi? Hata siku moja."

"Sasa neno kuchubwia amelitoa wapi?"

Bénie alikuwa mezani anakula. Akajibu kwa Kiingereza chake, bila kuinua macho: mama mwenyewe ndiye husema, akiwa amelala. Husema anachubwia, anachubwia, halafu huanza kulia.

Lydie akamgeukia mumewe. "Ni kweli?"

"Miaka yote," Déo akasema kwa sauti ndogo. "Nilijua unanishitaki. Nikawa nalala tu, nakusikiliza."

"Sikushitaki, Mungu wangu. Katika ndoto hiyo namwambia akushike kichwa. Namwambia akaze mikono. Hanisikii."

Déo akateremka taratibu, akaketi sakafuni, begi bado begani. Friji ilinguruma. Nje, maji ya kijito yalisikika yakipita.

"Précieux ni nani?" Bénie akauliza, na safari hii aliuliza kwa Kiswahili.

Wakamweleza, mmoja akichoka mwingine akipokea. Mtoto akasikiliza hadi mwisho, kisha akataka kujua jambo moja: alikuwa amevaa viatu?

"Buti za mpira," Déo akasema. "Nyekundu. Zilikuwa zinanigonga kifuani."

"Hapana, Déo. Alikuwa peku. Nilimpandisha mimi mabegani mwako, nikashika nyayo zake. Zilikuwa baridi."

"Mama Précieux, nakwambia zilikuwa buti."

"Na mimi nakwambia nilimshika!"

Sauti zikapanda. Bénie akawatazama kwa zamu, akingoja jibu. Chakula kikapoa mezani, nao bado wanabishana juu ya miguu ya mtoto wao.