Vichupa Ishirini na Tisa

Uvivu ndio uliomponza Anaeli, wala tusiutafutie jina zuri zaidi. Ofisi ya mifugo ilimtuma Chekereni akusanye vinyesi vibichi vya bata mwitu wanaotua kwenye majaruba ya mpunga, vichupa arobaini, vikapimwe virusi vya mafua ya ndege. Alipofikisha kumi na kimoja, kundi likaruka na kutua ng'ambo, kwenye tope la magotini. Ukingoni mwa mfereji walikuwa wamelala bata wa kufugwa wa Mama Winfrida. Anaeli akatazama huku na huku. Bata ni bata, alijiambia, akajaza vichupa ishirini na tisa vilivyobaki, na kila kimoja akakiandika "bata mwitu".

Majibu yalirudi baada ya wiki mbili. Virusi viligundulika kwenye kichupa cha ishirini na tatu na cha thelathini na moja. Mkuu wake, Daktari Theodora, alimsifu mbele ya wenzake kwa kulivumilia tope. Angeweza kusema palepale. Hakusema. Mke wake alikuwa mjamzito, na kazi yenyewe ilikuwa bado ya mkataba.

Kesho yake tangazo likapita kijijini: bata mwitu wana ugonjwa, kila mfugaji awafungie bata wake wasichangamane nao. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Ya Anaeli ilifika hadi kwenye kipaza sauti, maana ndiye aliyekishika.

Siku tatu hakulala vizuri. Kwao Machame aliyekosa huchukua jani la isale akaombe radhi, na aliyekosewa akiliona hana budi kusamehe. Alilifikiria sana jani hilo. Lakini virusi havijui mila. Siku ya nne akapanda pikipiki kwenda Chekereni, akiwa amejipangia uongo mwingine mdogo: atasema anapima bata wote wa kijiji, aanzie kwa Mama Winfrida, ukweli ujitokeze wenyewe bila yeye kuutamka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu ndani, uone nilivyokutii."

Hakuwa na banda. Bata wake kumi na sita alikuwa amewaingiza chumbani, chini ya kitanda cha mjukuu wake Doris, mtoto wa miaka minne. Watatu walikuwa wamejikunyata, shingo zimelegea. Mmoja wao Doris alikuwa amempakata, akimlisha ugali kwa kidole. Anaeli aliona aibu, na ule uongo aliojipangia ukampotea.

"Mtoe mtoto nje, mama," alisema. "Sasa hivi, umnawishe mikono. Halafu nikuambie."

Akamwambia yote, wamesimama uani, simu ikiwa wazi mkononi na Daktari Theodora akisikia kila neno. Theodora hakumkaripia. Aliuliza tu kama mtoto ana homa, akasema gari linakuja.

Mama Winfrida aliketi kizingitini, akamweka Doris mapajani, akampapasa paji la uso, akalipapasa tena. Hakuinua sauti.

"Kwa hiyo ningelipuuza tangazo lako," aliuliza, "mtoto asingelala nao?"

"Asingelala nao, mama."