Ramani ya Ziwa la Kabondo

Jumanne asubuhi, mwalimu Liévin alipofika shuleni Kabondo akisukuma baiskeli, alikuta uwanja wa mpira umekuwa ziwa la chumvi. Mvua ilinyesha Kisangani nzima isipokuwa pale. Juu ya uwanja jua lilikuwa la jangwani, na kandokando udongo ulikuwa umepasukapasuka. Heroe sita, wale ndege wa miguu mirefu, walisimama golini.

Liévin alikuwa amefundisha somo la maziwa ya chumvi miaka kumi na minane bila kuliona ziwa lenyewe, na furaha yake hakuificha. Aliwatoa wanafunzi wa mwaka wa sita nje, akaonja maji, akasahihisha kitabu cha jiografia mahali pawili. Majirani walikuja na ndoo. Tangu vita vizuie mashua za Kinshasa walikuwa wakila pondu, mboga ya majani ya muhogo, isiyo na chumvi, kwa hiyo hakuna aliyepoteza muda kuuliza ziwa limetoka wapi.

Ng'ambo ya uwanja aliishi mama yake, Mama Kahambu, ambaye miguu ilikuwa imemgomea. Kila adhuhuri Liévin alimpelekea chakula. Sasa alizunguka ufuko, akihesabu mizunguko ya gurudumu ili apate vipimo. Baada ya siku tisa alichora ramani: mstari mzima kwa maji ya kudumu, mstari uliokatikakatika kwa maji ya msimu, kama wachoraji ramani wanavyofanya. Huo wa pili ulipita kati ya shule na nyumba ya mama.

Mjini kulikuwa na majeshi mawili ya kigeni, na kila moja lilitaka nakala. Makamanda wao hawakuwa wamekubaliana jambo hata moja tangu waje, lakini juu ya mstari ule walikubaliana mara moja. Kwao ulikuwa mpaka. Siku hiyohiyo askari waliweka vizuizi, wasimpitishe mtu.

"Commandant, ile laini iko ya maji tu," Liévin alimweleza kamanda wa upande wake. "Maji inakuja, inarudi."

"Bon. Ikirudi, tutaona."

Ziwa lilikauka Ijumaa. Heroe waliondoka, mvua ikaingia uwanjani, nyasi zikaota. Askari walibaki. Liévin alichora ramani mpya, uwanja mtupu, akaipeleka. Kamanda aliitazama kwa makini, akasema haijaisha, akachukua kalamu na kuuongeza mstari mwenyewe. Aliuchora vizuri.

Tangu hapo Liévin hupitia mtoni: mtumbwi hadi Lubunga, ng'ambo ya mto, mtumbwi mwingine kurudi upande wa pili wa kizuizi. Hufika jioni, chakula kimepoa, na aibu humshika kila anapobisha hodi.

Mama Kahambu, ambaye kutoka mlangoni humwona kila asubuhi akiingia darasani, alimwuliza mara moja tu.

"Mutoto yangu, si ungevuka tu? Pale haiko kitu."

"Iko kwenye ramani, mama," Liévin alisema, akamsogezea sahani.