Maji Moto kwa Samaki wa Edson

Kwao Bukoba, samaki aliyeingia nyumbani alikuwa ameshakata roho, na kilichobaki ni kumpara magamba. Ndiyo maana Apolonia, aliyekuja Missouri City kumtembelea mwanawe, alichanganyikiwa Edson alipompigia simu kutoka hospitalini alikokuwa muuguzi.

"Mama, umeme umerudi?"

"Bado, tangu jana asubuhi. Wewe unarudi lini?"

"Barabara ni barafu tupu, wa kutupokea zamu wameshindwa kufika. Mama, usi-panic, ila samaki wangu watakufa kwa baridi. Chemsha maji, halafu weka kwenye…"

Simu ikaisha chaji.

Apolonia akabaki ameishikilia sikioni. Aweke kwenye nini? Akalisogelea tenki la kioo walimofugwa samaki, pale sebuleni. Samaki kumi na mmoja wembamba, wenye mistari ya buluu, walikuwa wamejikunyata chini, hawachezi. Jiko la gesi lilikubali kiberiti. Akachemsha sufuria moja, akasimama nayo mbele ya kioo. Akimimina, anawapika, asipomimina, wanaganda. Akamimina kidogo. Wawili wakachachawa, kisha wakalala ubavu.

"Yesu na Maria!"

Akatoka mbio kumgongea jirani, Léoncie, Mrundi aliyefanya kazi hotelini. Léoncie akaja amejifunga blanketi, akatazama tenki, akatazama sufuria.

"Mama Edson, ulitaka kuwapika?"

"Sijui, mwanangu. Nimeambiwa nichemshe. Yaliyobaki simu imeyameza."

"Hata mimi samaki siwajui. Lakini mtoto mchanga akishikwa na baridi, tunamwekea chupa ya maji moto pembeni. Hatummwagii."

Basi wakajaza chupa za plastiki, wakazifunga kabisa, wakaziacha zielee ndani ya tenki. Tenki lenyewe wakalizungushia mablanketi. Mashine ya kuwapulizia samaki hewa nayo ilikuwa kimya, kwa hiyo Apolonia akawa anachota maji kwa kikombe na kuyarudisha kutoka juu, yatoe mapovu. Kama yalisaidia, hakujua. Kila alipohesabu samaki alipata idadi nyingine: wanane, kumi, saba.

Siku ya tatu mchana, umeme ukarudi ghafla. Saa moja baadaye Edson akaingia, koti mwilini, macho mekundu.

"Wamekufa wangapi?"

"Wawili. Nadhani nimewaua mimi. Nisamehe, baba."

Edson akakaa sakafuni palepale, akaangua kilio cha msibani. Apolonia akapigwa na bumbuwazi. Wawili tu? Mbona tisa walikuwa wakiogelea mbele yake?

"Edson, baba, unawalilia hawa samaki? Au kuna mgonjwa aliyekufa mikononi mwako huko kazini?"

Edson akatikisa kichwa kukataa. Kisha akakubali kwa kichwa. Apolonia hakujua ashike lipi. Akaketi kando yake kwenye zulia baridi, akaanza kumfungua kamba za viatu.